Injini Nzima Waliyotaka Kuing'oa

Guangzhou, Alhamisi, Aprili

Leo kuta zinatoka jasho. Ni ule msimu wa unyevu wa hapa Guangzhou, nguo haikauki, vigae vinateleza, na hata shuka unalolalia lina ubichi. Lakini hasira niliyo nayo haikuletwa na hali ya hewa. Naiandika hapa ili nisije nikaimwaga pasipofaa.

Walitaka kung'oa injini ya pikapu yetu. Kesho asubuhi.

Nianze mwanzo. Mimi nauza vitambaa. Nakuja huku mara mbili kwa mwaka, napanga chumba Sanyuanli, nashinda soko la vitambaa la Zhongda nikichagua majora, kisha mzigo unakwenda bandari ya Huangpu kupakiwa kwenye kontena. Nyumbani Njombe, mume wangu, Baba Upendo, ndiye anayeusambaza minadani kwa pikapu, na akirudi anabeba viazi vya watu. Pikapu yenyewe ni kuukuu, imemzidi umri binti yetu aliye kidato cha tatu, lakini ndiyo inayotulisha. Injini yake haijawahi kutuaibisha.

Jumatatu Baba Upendo akapiga simu. Gari limegoma na mzigo kwenye mlima wa barabara ya Lupembe. Linaunguruma, haliendi. Fundi Mgaya ameliangalia, amesema limechoka, kama tuna uwezo tuweke injini nyingine. Na kwa kuwa mimi niko China, basi ninunue huku huku, tena kubwa zaidi, niiwahishe kwenye kontena la Jumamosi. Yeye na vijana wa gereji wangeanza kuifungua ya zamani mapema, ili mpya ikifika ikute nafasi.

Kwa kuwa mimi niko China. Maneno hayo nimeyachoka. Mtu akishakuwa China, nyumbani hakuna kinachotengenezwa tena. Feni ikigoma, mpigieni aliyeko China. Cherehani ikikata uzi, mpigieni aliyeko China. Shemeji yangu aliumwa jino, akauliza nusu utani kama huku meno hayauzwi kwa jumla.

Hata hivyo nilikubali. Sitajipamba hapa. Nilikuwa katikati ya kupanga mzigo, nilitaka ile simu iishe. Na tena Fundi Mgaya si fundi tu. Yeye na mkewe ndio waliotusimamia ndoa, walisimama nasi mbele ya madhabahu, na tukigombana kwao ndiko tunakopelekwa kusuluhishwa. Baba Upendo hawezi kumbishia hata kwenye habari ya tairi. Mimi nilishawahi kumbishia mara moja, na hilo nitalifikia.

Jumanne nikaenda soko la spea na Papa Dieudonné. Huyu ni Mkongo wa Lubumbashi, tunasali pamoja Jumapili, na kazi yake ni kusafirisha injini zilizotumika. Injini zimepangwa chini safu kwa safu, kila moja imefungwa plastiki. Nikachagua yangu, laoban, yaani mwenye duka, akaanza kuizungushia utepe wa gundi, na mimi nikawa nahesabu kichwani ni majora mangapi nitayaacha ili hilo dude lipate nafasi kwenye kontena.

Ndipo Papa Dieudonné akaanza kuuliza maswali ambayo mimi sikuuliza. Inatoa moshi? Inakula oili? Ikiwa tupu kwenye tambarare inakwendaje? Nikampigia mume wangu pale pale. Moshi hakuna. Oili haipungui. Tambarare inakwenda, ila mlimani injini inapiga kelele na gari halisogei, na kuna harufu ya kuungua. Papa akamwekea laoban mkono begani, asimame kwanza.

"Mama, moteur naweza kukuuzishia leo leo," akaniambia. "Lakini ile yenu iko muzima. Embrayage njo inateleza."

Moteur kwao ni injini, na embrayage ni klachi.

Muuza injini amekataa kuniuzia injini! Na msimamizi wangu wa ndoa, mtu wa kwetu, yuko Njombe anatafuta winchi ya kuing'oa nzima. Nilirudi Sanyuanli kwa treni nikiwa nimesimama, ingawa viti vilikuwapo.

Injini ikizunguka na gari lisiende, nguvu inapotea njiani, kati ya injini na giaboksi, na hapo katikati kaa ukijua kuna klachi. Hilo hata mimi nalijua, na mimi gari nimejifunza kwa kulisukuma. Na kuna kipimo chake kisichohitaji hata spana. Unasimama tambarare, unavuta hendibreki, unakanyaga klachi, unaweka gia ya nne, kisha unaachia klachi taratibu huku ukiongeza mafuta kidogo. Injini ikizima, klachi ni nzima. Ikiendelea kuunguruma kama haikuhusu, klachi imekwisha.

Jana kutwa nzima nilimwomba mume wangu afanye hivyo. Mara mvua inanyesha, mara betri. Mwishoni akasema itakuwaje Baba Msimamizi akisikia tunampima. Nikamwambia sipimi mtu, napima gari.

Leo saa tisa alasiri, kwao saa nne asubuhi, nikamlazimisha aweke simu juu ya dashibodi nione mwenyewe. Akavuta hendibreki. Akaweka gia ya nne. Akaachia klachi.

Injini ikaendelea kuunguruma.

Niliisikia vizuri, imetulia, haikohoi. Mume wangu alikuwa akitazama dirishani badala ya kunitazama mimi.

Hapo nikawaka. Injini kubwa haikai kwenye vishikizo vya injini ndogo. Utakata, utachomelea, nyaya hazitakubaliana, giaboksi italalamika, na bado uhangaike kubadilisha namba ya injini kwenye kadi ya gari. Miezi miwili au mitatu pikapu imekaa juu ya mawe na sisi tunakula nini? Yote hayo kwa ajili ya kitu kisichozidi ukubwa wa sahani ya wali!

Nikampigia Fundi Mgaya. Shikamoo ilinitoka kwa shida. Nikamuuliza kama aliijaribu klachi. Akasema hakuwa na haja ya kuijaribu, aliijua tangu siku ya kwanza, kwa harufu tu. Nikamuuliza sasa kwa nini amewaacha watu waagize injini.

"Mama Upendo," akasema, "mwaka jana nilisema klachi, ukaniita mla komisheni mbele ya watu wote. Mwaka huu ningesema nini?"

Sasa nalifikia lile nililosema nitalifikia. Klachi iliyomo kwenye pikapu niliinunua mimi, hapa hapa Guangzhou, mwaka jana. Ilipofika, Fundi aliishika mkononi akasema ni nyembamba, haitabeba viazi. Mimi nikatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi la familia, walimo wakwe, mama mchungaji na watoto wake Fundi mwenyewe, kwamba kuna mafundi hawapendi vitu vya bei nafuu kwa sababu wanakula komisheni madukani. Dakika nne nzima. Aliifunga ile klachi bila kusema neno. Mimi nikasahau. Mtenda husahau, mtendwa hasahau.

Nikampigia tena mume wangu, safari hii nikitaka anitetee. Akasema harufu aliisikia tangu Januari.

"Ulikuwa umeisifia kwa kila mtu," akasema. "Nikaona bora tuseme injini."

Bora tuseme injini. Mungu wangu.

Basi hasira ikatafuta mtu mwingine. Nikaenda kwenye meseji za mwaka jana za yule mama aliyeniuzia klachi, nipate la kumwambia. Nikakuta alinitumia picha tatu za daraja tatu, na chini ya ile ya tatu ameandika kwamba kwa gari la mzigo nisichukue hii. Nimemjibu kwa kikaragosi kinachocheka, na chini yake neno moja la sokoni, pianyi, yaani rahisi, nataka rahisi. Dukani pale sina wa kumlaumu. Alinionya.

Bado nina hasira, nisijidanganye. Fundi alikosea. Mtu mzima, msimamizi wa ndoa, hakai kimya akiona nyumba ya wanawe inaingia hasara, eti kwa sababu aliumizwa na maneno. Mume wangu amekosea zaidi. Analala kitanda kimoja na mimi, angeweza kunivuta pembeni akaniambia mke wangu, ile klachi yako haifai. Ningepiga kelele siku mbili, yangeisha.

Au yasingeisha. Nimekaa hapa kitandani najaribu kukumbuka mara ya mwisho mtu wa nyumbani kuniambia nimekosea, na nikamwacha amalize sentensi. Sipati.

Winchi imerudishwa ilikoazimwa. Injini inabaki ilipo. Klachi atainunua Fundi mwenyewe, huko huko, kwa macho yake, na bei nimemwambia sitauliza. Akajibu "haya", basi. Haikuwa haya ya mtu aliyesamehe.

Nitatuma ujumbe wa sauti kwenye kundi lile lile, wasikie wale wale. Nimeshaurekodi mara tatu nikaufuta, maana kila mara katikati najikuta nimeanza kujitetea. Wa nne nimesema tu jina lake, nimesema nilimsingizia, nimesema alikuwa na haki. Sekunde kumi na tisa. Nimeutuma.

Alama za kuusikiliza zinaingia moja moja. Ya kwake haijaingia.

Wanaume wawili wenye akili timamu, mmoja fundi, mmoja mume, waliona ni rahisi kuing'oa injini nzima kuliko kuniambia mimi ukweli. Nimewafanya nini watu wangu?