Mkate na Nyanya Ghorofa ya Juu

Baba Neema wangu,

Nina neno nataka ulisikie kwangu kwanza, maana huku kwa Wachina, hapa Xiaobei, umbea husafiri haraka kuliko mizigo. Papa Kabeya ameniomba tuoane. Ndiyo, yule yule mgane wa Lubumbashi uliyekuwa ukisali naye Jumapili, kisha mnatoka kanisani mkibishana jeans zipi za Xintang zinachuja rangi. Kesho kutwa narudi Mbeya, naye anataka jibu kabla sijapanda ndege.

Niko chumba chetu kile kile, chenye dirisha linalotazama ukuta. Mvua haijakatika tangu juzi. Mvua ya huku unaijua, hainyeshi kwa hasira kama ya kwetu, inaning'inia tu hewani mpaka mtu hajui kama ameamka au bado amelala. Na mimi ndivyo nilivyo. Ukiona nachanganya jana na miaka ile, nivumilie, ulishanizoea.

Alinialika chakula cha jioni jana, kwenye hoteli ile ndefu ng'ambo ya mto. Unaikumbuka? Tulikuwa tukiiona kila tukitoka sokoni Zhongda na marobota yetu ya vitambaa, na ulisema wanaolala mle wanasikia malaika wakikohoa. Nilimuuliza kwa nini anipeleke huko kote. Akasema anataka mahali ambapo Xiaobei haina macho.

Lifti ilipanda hadi masikio yakaziba. Huko juu wingu lilikuwa limeegemea kioo, na taa za mji zilielea chini yake, huoni barabara wala mto. Chakula chao ni cha Wakatalani, watu wa upande wa Barcelona, lakini mpishi amekigeuza cha kisasa. Kinaletwa kidogo kidogo kwenye sahani pana, unakitafuta kilipo. Mkoba wangu niliutundika kwenye kiti cha tatu, usiniulize kwa nini. Kiti kikawa kama cha mtu aliyeinuka mara moja na anarudi.

Kisha msichana wa kuhudumu akaleta mkate uliobanikwa, kitunguu saumu, nyanya iliyokatwa katikati, mafuta na chumvi. Akatuonyesha: unasugua kitunguu juu ya mkate, unasugua nyanya mpaka libaki ganda, unamwagia mafuta. Baba Neema, nilicheka mpaka watu wakageuka. Mkate na nyanya! Safari yetu ya kwanza ulikataa kula mtaani kwa kuogopa kulishwa nyoka, tukakaa kwenye kitanda hiki hiki tukipaka nyanya kwenye mkate, chumvi ikiwa ile tuliyopewa kwenye ndege, ukaificha mfukoni. Ulisema, "Mama Neema, siku tukitajirika na sisi tutakula kama watu." Kumbe watu wenyewe ndicho wanachokula! Kicheko kiliisha, machozi yakaendelea peke yake.

Papa Kabeya alisugua kipande kingine, akakisogeza upande wangu.

Tulikula pweza laini kama maini, tukala wali mweusi uliopikwa kwa wino wa ngisi, ambao wewe ungeukimbia mpaka kwetu Mwanjelwa. Muziki ulikuwa mdogo, wingu likawa linapita na kurudi, na kuna wakati nilisahau nani ameketi mbele yangu. Nikawa nasubiri unikanyage mguu chini ya meza, kama ulivyozoea nikiongea ovyo mbele ya wauzaji.

Mwisho lilikuja bakuli la maziwa na mayai yaliyogandishwa, sukari imenyunyizwa juu. Yule msichana akawasha kibomba kidogo cha moto ili aiunguze sukari pale pale mezani. Mwali ulipowaka tu, mikono yangu iliitangulia akili. Nilichomoa uzi kwenye kitambaa cha mezani, nikaunyoosha kwenye moto.

"Aiya!" msichana akaruka. "Bu yao, bu yao!" akanikataza.

Ni wewe uliyeniharibu. Kila duka la Zhongda ulikuwa unachomoa uzi, unawasha kiberiti, unanusa. Pamba inanuka karatasi na kuacha majivu laini, nailoni inajikunja na kuwa kishanga kigumu. "Laobani, mwenye duka, atakudanganya, lebo itakudanganya," ulikuwa ukisema, "moto haukudanganyi." Na wenye maduka walikuwa wakikuona kwa mbali wanaanza kufunika vitambaa vyao.

Nilitamani ardhi ipasuke, ila hata ardhi yenyewe ilikuwa mbali kule chini. Nikainua macho nimtake radhi Papa Kabeya, nikamkuta ameinama ananusa moshi.

"Coton," akasema. "Pamba ya bien." Kisha akafungua kifungo cha mkono wa shati, akanyoosha mkono juu ya meza. "Na miye, Mama Neema? Sina maneno mingi. Vuta uzi mu chemise yangu, uchome, uone."

Nilivuta. Lakini msichana alishazima moto wake, amesimama mbali anatuchungulia, basi nikaukunja uzi kwenye karatasi laini na kuutia mkobani.

Sasa uzi huo uko mbele yangu hapa kitandani, na kiberiti ninacho. Nikuambie ukweli: sina shaka na Papa Kabeya. Ninachoogopa ni wewe. Tangu ututoke huwa unanijia ndotoni, unatangulia kati ya majora ya Zhongda, umenipa mgongo, nami nakufuata na pochi. Naogopa kwamba nikisema ndiyo utakata kona moja na sitakuona tena. Ndiyo maana nimekaa na uzi huu asubuhi nzima, nikitafuta kasoro ya kunipa sababu ya kukataa.

Nimeshawasha njiti, nikaipuliza ikazimika. Kitambaa nilifundishwa kukipima na wewe, Baba Neema, ila wewe mwenyewe nilikuchukua bila kukupima. Ulikuja nyumbani kwetu na koti la kuazima, mama akanong'ona kwamba hufai, nami nikasema huyu huyu. Na ulinidumu mpaka Mungu alipokuchukua.

Nimeufungulia uzi dirisha. Mvua imeupokea, sijaona ulikoangukia. Jioni nitamwambia Papa Kabeya ndiyo, na nitamwambia pia kwamba kile kiti cha tatu nitaendelea kukitundikia mkoba. Usiache kuja ndotoni. Siku moja tu, geuka unitazame.

Lala pema, mume wangu. Ni mimi niliyesema huyu huyu,

Mama Neema wako