Kaburi la Kwanza Jitegemee

Ni mwaka mmoja sasa, mume wangu Zenon Alois, tangu kifua kile kikuchukue hospitalini Sumbawanga, Novemba 1975. Mahindi uliyoyapanda ulituachia tupalilie, na tuliyapalilia.

Ulikuwa mwenyekiti wa kwanza wa kijiji hiki cha Jitegemee, na uenyekiti ulikuingia mpaka kwenye mifupa. Redio ikimaliza hotuba ya Rais, ya kwako ndiyo inaanza, sisi tukiwa na matonge mkononi. Ukanigeuza "Ndugu Dominika" hata mbele ya wageni. Mama yako Bertilla akaja juu: "Loo! Zenon, kumbe umeoa ndugu yako?" Ukacheka mpaka machozi, na kesho yake ukaniita vile vile.

Lakini hukumwamrisha mtu jambo ambalo hujalifanya mwenyewe. Amri ya kuhamia kijijini ilipokuja, nyumba ya kwanza kuezuliwa ilikuwa yetu. Tulilala na watoto chini ya turubai, mvua ikitunyeshea, nami nilikununia wiki nzima. Kwenye shamba la kijiji ulifika wa kwanza. Kwenye pombe ya ulezi ulisubiri wenzako wanywe, halafu ukanywa, na wala si kidogo, tuseme ukweli.

Mama yako ndiye hakutaka kutoka. Mumewe, baba yetu Alois, amezikwa kule mahame, kwenye makazi tuliyoyahama, naye alisema hawezi kumwacha peke yake porini. Hukumtishia mgambo. Ulimbembeleza mpaka akaja, kwa ajili ya wajukuu, akasema, si kwa ajili yako. Kila aliyefariki hapa tulimrudisha kumzika kule, nawe ukawa unaumia: "Kijiji kisicho na kaburi ni kambi tu."

Ulipozidiwa ukaniambia, "Mimi nizikeni Jitegemee." Mama akasema hapana, utalala kando ya baba yako. Tulivutana mbele ya jeneza, mkwe na mama mzazi, aibu tupu. Nilishikilia neno lako, ukazikwa hapa. Mama hakunisemesha mpaka Kwaresima. Niliogopa, Zenon. Niliona nimemnyang'anya mtoto wake.

Mwezi uliopita walikuja mabwana kutoka wilayani, wakaitisha mkutano, wakasema kijiji kisogezwe tena, karibu na barabara. Mama akainuka na mkongojo wake, hata shikamoo zao hakuziitikia.

"Mume wangu mlinifanya nimwache," akasema. "Huyu simwachi. Nendeni mkahamishe barabara."

Ikawa vicheko, kisha watu wote wakasimama upande wake. Mabwana wakapanda gari lao, na tangu siku hiyo hatujawasikia.

Unakumbukwa na mama yako Bertilla, mimi mkeo Dominika, wanao Leonardi, Adolfu na Theodora, mdogo wako Marselino aliyeko Kasesya, na ndugu zako wote wa kijiji.

Pumzika, Mwenyekiti. Tutakukumbuka daima, na tutakukumbukia hapa hapa.