Mzee Tamang Alivaa Tai

Violet, nimejifungia chooni kazini, nalia.

Yule mzee wangu ninayemtunza huku Silver Spring, Marekani, Mzee Tamang, mzaliwa wa Darjeeling kule India. Kila siku namsomea kitabu chake cha utalii: mashamba ya chai, sikukuu ya Dasain, treni ndogo inayopanda milima. Jana akauliza tutaenda huko lini. Nikamjibu kama tunavyowajibu wagonjwa huko nyumbani: "Kesho, babu."

Kesho! Mimi na mdomo wangu!

Leo nimemkuta amekaa mlangoni, koti na tai, begi mapajani. Tangu alfajiri! Binti yake ananiuliza, "Nani kamwambia anasafiri?"

Nikapiga magoti nimvue viatu. Akauliza taratibu, "Treni imeshaondoka?"

Nikasema ndiyo, babu. Imetuacha.