Kibuyu Kilichooshwa

Mjukuu wangu Kokushubira,

Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Hapa Bweranyange kahawa imeiva, na bibi yako anachuma na goti lake bovu kwa sababu hanisikilizi.

Unauliza, vipimo vya maabara yenu vikishatoa jibu, mtu anabaki na kazi gani. Nilipokuwa msaidizi katika maabara ya serikali Dar es Salaam, miaka ya hamsini, polisi walituletea kibuyu kutoka huku kwetu. Mwanamume alikunywa rubisi, pombe yetu ya ndizi, akafa, na mkewe alishtakiwa kwamba alimtilia sumu. Angeweza kunyongwa. Kibuyu kilikuwa kinang'aa, na mkemia wetu, Mzungu, akaandika kwamba mama yule alikiosha ili afiche.

Nilikuwa mgeni kazini na niliogopa, lakini nilimwambia, "Bwana, kwetu hakuna mwanamke anayemkabidhi mgeni chombo kichafu, hata mgeni akiwa polisi. Waambie watafute mrija aliokuwa akinywea marehemu. Utakuwa umechomekwa kwenye nyasi za paa, na hakuna mwingine anayeugusa wala kuuosha."

Akaichana karatasi yake na kuwaagiza polisi wautafute. Mrija ulipofika tuliupima pamoja. Haukuwa na sumu. Mama akarudi kwa watoto wake. Vipimo peke yake visingetuambia kwa nini kibuyu kilikuwa safi.

Bibi yako anakutumia senene wa kukaanga ndani ya kibuyu. Ukishawala, usikirudishe bila kukiosha.

Babu yako,
Rwegasira