Beleshi Lenye Jina

Jumapili, 14 Januari

Baridi nyuzi kumi na nane chini ya sifuri. Kamba ya kutuvuta juu iliganda mara mbili, tukaigonga na gogo mpaka ikakubali.

Pihla kanifuata kilimani, eti anataka kujifunza kuteleza kwa ubao juu ya vyuma. Mdogo wangu huyuhuyu, miaka kumi na sita, aliyekuwa analia mwaka jana akifungwa miguu kwenye ubao. Nikamwanzishia kwenye boksi pana, lile la plastiki lililolala chini kabisa. Nikamwambia: ubao uwe bapa, magoti yalegee, macho mwisho wa boksi, na ukiwa juu yake usijaribu kukata kona, utajuta. Akaanguka makalio mara nne. Nilicheka, nakiri. Mara ya tano akapita mpaka mwisho. Akaniuliza, kwani ni hivi tu?

Hivi tu! Mimi boksi lile lilinichukua wiki tatu.

Jumanne, 16 Januari

Nimemtengenezea ubao. Kumbe alikuwa anateleza na kingo za dukani, kali za kukatia nyanya. Kwa kuteremka mlima sawa. Kwenye chuma ukingo mkali unang'ata, ubao unasimama, wewe unaendelea na safari peke yako. Eemeli, mwenzetu wa hapa kilimani, alipoteza meno mawili hivyo, na bado anacheka na pengo lake.

Nikakaa na tupa kwenye chumba cha nta, tunapotengenezea mbao, nikazibutua zile kingo hasa pale kati ya miguu, nikapitisha kidole gumba mpaka pakawa laini. Kazi hii hapa kilimani ni yangu. Wote wananiletea mimi. Tuure, mkuu wa kikosi cha watelezaji, anasema hajaona mkono kama wangu.

Mkono wa tupa. Kuhusu mguu wa kwenye chuma hajawahi kusema kitu.

Ijumaa, 26 Januari

Tuure katangaza. Beleshi la mwaka huu litatolewa tarehe tatu Machi, siku ya mashindano ya kilima. Moja tu, kama kila mwaka.

Mabeleshi kumi na moja yako kwenye ukuta wa kibanda, kila moja na jina limechomwa kwenye mpini. Mwenye beleshi ni mtu wa kikosi. Anakwenda na wenzake mjini kuteleza kwenye vyuma vya ngazi za shule na maktaba, na anaingia kwenye video ya mwisho wa msimu wa baridi. Asiye nalo anachimba kwa la kuazima. Na kuchimba lazima, maana sheria ya hapa ni moja: hujachimba theluji ya kurukia, lile tuta la kupandia chuma, chuma hukigusi.

Mimi nimechimba kwa la kuazima misimu minne ya baridi. Hakuna aliyenishinda kuchimba. Eemeli alinikonyeza kule nyuma kama kusema safari hii ni wewe.

Nimerudi nyumbani nimejaa furaha. Nikamwambia mama, mwaka huu ni wangu. Mama kasema vizuri, halafu, bila hata kuinua macho kwenye sufuria: na Pihla naye anajaribu? Viazi vyote vikanishinda.

Jumamosi, 10 Februari

Sitaki kuandika, lakini nisipoandika nitapasuka.

Kuna chuma kile cha mviringo chenye goti. Kinaanza kwa kulala, katikati kinavunjika kwenda chini. Nimekihangaikia tangu Desemba. Nafika kwenye goti, uzito unanirudi nyuma, naanguka na ubavu. Leo vilevile, mara sita. Nilikuwa nimekaa pembeni najikung'uta theluji shingoni Pihla alipoteremka. Hakuuliza mtu. Karuka, kalalisha ubao kwa upana juu ya chuma, kafika kwenye goti na kulipita kama halipo. Akashuka mwisho kwa miguu miwili.

Watu wakagonga mbao zao chini kumshangilia. Kwangu hawajawahi kugonga hata siku moja.

Eemeli akauliza huyu mtoto alizaliwa juu ya chuma au vipi. Tuure akanigeukia: Saimi, mdogo wako unamlisha nini? Nikasema uji. Wakacheka. Nami nikacheka, meno nje, huku roho inaniuma mpaka naisikia kwenye masikio.

Pihla akaja mbio, mashavu mekundu. Dada, umeniona? Nikamwambia hapana, nilikuwa nafunga buti. Akanywea kidogo. Nami nikafurahi alivyonywea. Ndiyo, nilifurahi. Nani atasoma hapa?

Jumapili, 11 Februari

Mjomba Olavi kamsikia mama kwenye simu, kaja leo na ubao mpya wa Pihla. Mweusi, mkia mpana, unanukia duka. Mimi kwa baridi zote nne alininunulia soksi.

Soksi nzuri, lakini soksi.

Jumatano, 21 Februari

Ubavu una alama ya kijani. Bado goti la chuma sijalipita.

Nilichelewa kuingia sauna, chumba chetu cha mvuke, nikasikia mama na Pihla wanaongea mle ndani. Sikukusudia kusikiliza. Halafu nilikusudia. Mama alikuwa anasema nimekuwa mkali siku hizi. Pihla akajibu taratibu: mimi nikipewa beleshi nitakataa, mama, nitawaambia wampe dada, yeye analitaka zaidi.

Nilivaa nguo zangu tena nikatoka nje, nywele kavu. Afadhali angenisema vibaya. Anajiona keshalipata, sasa anapanga jinsi ya kunigawia! Nimelipa baridi nne kwa mgongo wangu, halafu anihurumie kama paka wa jirani?

Mkate wa iliki uliobaki mezani nimeula wote. Ulikuwa wake.

Alhamisi, 1 Machi

Tuure kaja chumba cha nta, kafunga mlango. Kaniambia wazi: ni wewe au Pihla. Wazee wa kikosi wamegawanyika nusu kwa nusu, Jumamosi itaamua. Wewe umechimba, yeye anateleza. Halafu akaniuliza, wewe ndiye dada mtu, unaonaje, kwenda mjini ataweza? Kule chini ni lami, si theluji.

Nilikuwa napangusa meza. Nikaendelea kupangusa pahali palepale.

Nikasema: bado mtoto. Akibanwa analia.

Tuure akakuna ndevu, akasema asante kwa kusema kweli.

Ijumaa, 2 Machi

Pihla kaleta ubao mpya jioni nikiwa nafunga kazi. Mpaka leo alikuwa anatelezea ule wa zamani, huu kauweka kwa ajili ya kesho. Kasema: nitengenezee kama kawaida, dada. Akanipa busu la shavuni, akaondoka.

Nikauweka mezani. Nikapaka nta, nikakwangua, nikapiga brashi mpaka tumbo la ubao likang'aa. Nikapitisha kidole kwenye ukingo. Mkali. Wa dukani.

Tupa ilikuwa palepale. Sikuigusa.

Nyumbani kaniuliza, tayari? Nikamjibu tayari.

Sijafanya kitu chochote kibaya. Sijanoa, sijalegeza skrubu. Kuna kitu tu sikukifanya. Ataanguka, atainuka, watu wanaanguka kila siku. Mimi nimeanguka tangu Desemba, nani aliniuliza hali?



Jumamosi, 3 Machi

Saa nne na nusu asubuhi. Chumba cha nta. Mashindano saa tano.

Tumechimba tangu saa moja. Chuma chenye goti ndicho cha mwisho, watu wamejaa hadi kwenye uzio, na kule juu wanachoma soseji. Beleshi limeegemezwa kwenye meza ya majaji, mpini mtupu.

Nilikimbilia humu kupasha mikono moto. Pihla akaingia nyuma yangu na ubao wake kwapani. Akakaa kwenye benchi, akauweka magotini, akapitisha kidole gumba ukingoni kama nilivyomfundisha. Kidole kikasimama katikati ya ukingo. Akarudia. Akakitazama kidole, akakinyonya. Mimi nilikuwa naangalia jiko.

Kisha akasema: dada, hapa umesahau.

Sauti yake ilikuwa ya kawaida. Sijui. Nimeisikiliza tena na tena kichwani na sijui. Nikasema ah, nilichoka jana. Akasema najua, kazi zote hizi wanakuachia wewe. Akaulaza ubao mezani, akanishikisha tupa mkononi. Akasema, malizia tu, zamu yako ya kuchimba nakwenda kuifanya mimi. Akavaa glovu, akatoka.

Namwona dirishani. Anarekebisha theluji ya kurukia, na beleshi la kuazima, lile langu lenye mpini uliopasuka. Anaipiga vizuri, bapa, mstari umenyooka. Anaijenga kwa urefu ninaoupenda mimi. Yeye hupenda ya chini.

Nimeshafanya ukingo wa upande wa vidole vya miguu. Laini kabisa. Halafu nikageuza ubao, nikafika upande wa kisigino, na hapo ndipo nilipokaa chini. Kwa mtindo wake wa kulalisha ubao, ni upande huo utakaokutana na goti. Dakika mbili za kazi, hata mbili hazifiki.

Tuure kachungulia mlangoni. Ubao wa Pihla uko wapi? Kura imemtoa wa kwanza, wewe wa pili.

Nimemwambia dakika moja.

Kafunga mlango. Nje wanagonga mbao, wanaita jina lake. Tupa iko mezani, kando ya ubao. Mimi nimeshika kalamu.