Mama Alisema Ni Bega

S.L.P. 38,
Soy, kupitia Eldoret.
14 Agosti 1967.

Mpendwa kaka Kipngetich,

Pokea salamu nyingi kutoka kwetu sote hapa Soy. U hali gani huko Kampala? Kazi ya reli inakuacha ulale? Mimi ni mzima wa mwili, na Mzee pia. Mahindi ya shamba letu jipya yamempita Mzee kwa urefu, naye huwaringia majirani utadhani yeye ndiye aliyeleta mvua.

Kaka, keti kwanza. Mama ni mgonjwa sana. Ana kansa ya titi.

Uvimbe aliuona mwaka jana tulipokuwa tukihamia shamba hili. Hakuniambia hata mimi binti yake. Maumivu yalipozidi alienda peke yake kwenye zahanati moja mjini. Daktari wa pale ni Mzungu asiyejua Kinandi, na Kiswahili cha Mama unakijua, ni cha kununulia chumvi tu. Basi aliyeitwa kutafsiri ni Kimutai, yule mliyetahiriwa pamoja, ambaye siku hizi hufanya kazi pale.

Sasa fikiri wewe mwenyewe. Kwa mila yetu mtu wa rika lako ni kama mwanawe wa kumzaa. Angewezaje kumtajia titi, kisha afungue nguo mbele yake? Akasema ni bega. Kimutai akatafsiri bega. Wakampa dawa ya kupaka, akashukuru, akarudi nyumbani. Alienda tena na tena, na kila mara ilikuwa bega.

Mwezi wa Juni, nilipokuwa nikimsaidia kuvaa, nilisikia harufu. Kumbe kulikuwa na kidonda. Nilipiga kelele hadi Mzee akaacha ng'ombe akaja mbio.

Tulimpeleka hospitali nyingine. Huko daktari alimvua nguo bila hata kumwamkia, akambonyeza huku akiongea na wenzake. Kisha akaniambia mimi, si yeye, kwamba tumechelewa na kupasuliwa hakutasaidia. Alisema kweli, lakini hata kweli ina namna yake ya kusemwa. Mama alijifunika, akageukia ukuta. Njiani aliniuliza atapona lini. Nilimfunga shuka vizuri, naye akaelewa.

Linaloniuma zaidi ni hili. Wageni wakija kumwona, yeye huisifu ile zahanati ya kwanza. "Wale walinitunza vizuri," huwaambia, "hawakuniaibisha." Mimi huenda kulia jikoni. Nina hasira, kaka, na sijui nimkasirikie nani. Hakuna aliyemuuliza kama angependa kuongea na mwanamke mwenzake. Neno dogo hivyo!

Kimutai amepata habari. Alikuja mara moja, akasimama langoni, akashindwa kuingia. Anaogopa kwamba ukirudi utamwita muuaji wa mama yako. Mama analijua hilo, na linamsumbua kuliko kidonda. Anasema hawezi kufa huku watu wa rika moja wamekosana kwa ajili ya titi lililomnyonyesha mmoja wao. Anataka awaone mkila sahani moja mbele yake, naye angali na macho ya kuona.

Kwa hiyo usingoje likizo ya Desemba. Desemba ni mbali mno kwake. Omba ruhusa sasa hivi, upande treni. Ukishuka Eldoret usije nyumbani moja kwa moja. Pitia kwa Kimutai, umshike mkono, mje pamoja. Kama una maneno makali ya kumwambia, yamalize huko njiani.

Ugali nitausonga mimi. Mama hawezi tena kushika mwiko.

Nisalimie wifi yangu Priscah na watoto. Mzee anakusalimu. Mungu akufungulie njia na akufikishe mapema.

Ni mimi dada yako akupendaye,

Rael Jepkemboi