Mfarishi wa Mama Mwende

Buruburu, Jumanne, 21 Aprili 1998

Nisamehe, shajara. Tangu wiki ya kwanza ya Februari sijaandika humu hata mstari mmoja. Sitasema kwamba sikuwa na kalamu, kwa maana ilikuwapo. Kilichokosekana ni mahali pa kuweka viwiko mezani.

Leo mvua imenyesha tangu alfajiri, ile mvua nyembamba isiyo na haraka. Nguo za watoto zimeanikwa juu ya viti vya sebuleni kwa sababu uani hakukauki kitu, na nyumba nzima inanuka sabuni na unyevu. Nimekasirika. Nimekasirika tangu Jumapili mchana, na hasira yangu haijapungua kwa chai wala kwa sala.

Acha nieleze kwa utaratibu.

Nilipostaafu ualimu, mwanangu Njoroge aliniambia niache nyumba niliyopanga nije kukaa naye na mkewe, Wairimu. "Mama, kuja upumzike," alisema. Nimepumzika hivi: wao wawili wakienda kazini asubuhi, mimi hubaki na mjukuu wangu Shiru, mwenye miaka kumi, na mdogo wake wa miaka miwili asiyekaa kitako. Msichana wa kazi aliondoka Januari. Hakuna aliyetafuta mwingine, kwa kuwa mimi nipo. Napika, nafua, napiga pasi sare, natafuta kiatu kimoja chini ya kochi. Mtu akitaka cherehani yangu isogezwe ili aone televisheni vizuri, naisogeza.

Katikati ya hayo ndimo ninamoshonea. Nashona mifarishi, yale matandiko mazito ya viraka yenye pamba katikati, kama nilivyofundishwa chuoni nilipochukua sayansi kimu. Mwaka huu nilianza mitatu kwa pamoja, jambo ambalo ningemkataza mwanafunzi yeyote. Wa kwanza ni wa kitanda cha Shiru. Wa pili ni wa arusi ya binti wa dada yangu. Hiyo miwili bado ni vipande ndani ya mfuko, kwa maana kila nikikata viraka vinne naitwa jikoni.

Wa tatu ulikuwa wa Mama Mwende.

Mama Mwende anakaa Dandora na ana kibanda cha mitumba karibu na Makadara. Kwa miaka sita yeye ndiye ameniwekea magauni ya pamba yaliyochakaa shingoni lakini yenye kitambaa kizima. Haniuzii mabaya. Mwaka jana, mwezi wa Mei, binti yake Mwende, aliyekuwa kidato cha pili, aliugua kwa siku tisa akafa. Baada ya mazishi, watu wa upande wa baba walikuja kugawana nguo za marehemu, kama ilivyo kawaida kwao. Mama Mwende aliwapa, lakini alificha tano. Aliniletea mwezi wa Oktoba zikiwa ndani ya mfuko wa unga.

"Mwalimu, nishonee kitu kimoja tu cha kujifunika," aliniambia. "Na tafadhali usimwambie mtu. Wakisikia nilibakisha, watasema nimemwibia mtoto wao."

Mtoto wao! Nilimwahidi papo hapo.

Alikuwa na ombi moja zaidi: kiraka kimoja akishone mwenyewe. Alikuja Januari, akakaa kwenye kiti cha Njoroge, akachukua kipande cha gauni la manjano ambalo Mwende alilivaa siku ya kipaimara. Alishona kwa mkono, kwa uzi mweusi, kwa kuwa ndio aliokuja nao. Mishono yake ilikuwa mikubwa na ya mshazari kama ya mdomo wa gunia. Ilimchukua mchana mzima. Alipoondoka nilichukua mkasi nikifumue nikishone upya, kwa maana sijawahi kutoa kazi ya namna ile mikononi mwangu. Nilikata mshono mmoja. Kisha nikauweka mkasi chini, nikakiacha kama kilivyo, nikakiweka pembeni mwa mfarishi.

Niliumaliza wiki ya Pasaka. Niliukunja, nikautia ndani ya sanduku langu la bati chini ya kitanda, nikampelekea habari kwamba uko tayari.

Jumapili kanisa letu lilikuwa na harambee ya paa, ambalo mvua hii ya tangu mwaka jana imelitoboa. Njoroge yumo katika kamati. Ndiye aliyemwalika mkubwa wake wa kazini awe mgeni wa heshima, na nilijua kwa nini. Pale ofisini kwao wafanyakazi wanapunguzwa, na orodha ya majina inatarajiwa mwisho wa mwezi. Nilichokuwa sikijui ni kwamba alikuwa ameiambia kamati, bila kuniuliza, kwamba mama yake atatoa mfarishi upigwe mnada.

Walinadi jogoo, keki na mkungu wa ndizi. Kisha mzee wa kanisa aliyekuwa akiendesha mnada akaita: "Mwalimu Wanjiru asimame tumwone!"

Nilisimama. Nilidhani nashukuriwa kwa mapazia ya madhabahu. Watu walipiga makofi, nikapunga mkono, na lazima nikiri kwamba nilifurahi. Ni muda mrefu tangu mtu anipigie makofi.

Kisha wakaukunjua mfarishi.

Niliona manjano.

"Mkubwa," yule mzee alimwambia mgeni wa heshima, "ukijifunika huu, baridi ya Julai itahama ikapange Kayole!" Watu walicheka. Akauinua juu zaidi ili walioketi nyuma waone, na kidole chake kikatua pembeni. "Lakini hapa, ndugu zangu, hapa Mwalimu alisinzia! Hii ni mishono ama ni nyayo za kuku?"

Kanisa zima likaangua kicheko. Nilikuwa bado nimesimama. Mimi, ambaye kwa zaidi ya miaka thelathini niliwaambia watoto kwamba mtu akijua ukweli asimame auseme, nilikuwa tayari nimesimama. Ilinipasa kufungua kinywa tu.

Jirani yangu wa benchi alinivuta nguo. "Kumbe hata wewe hukosea, Mwalimu?"

Nikamjibu, kwa sauti ya kusikika benchi tatu: "Hapo alishona mjukuu wangu."

Nikaketi.

Nimeandika neno hilo kama nilivyolisema ili nisipate nafasi ya kulilainisha baadaye. Sikukinyamazia kiraka cha yule mama kwa sababu ya ahadi ya siri. Nilikikana kwa sababu ya jina langu. Mkubwa wa Njoroge akaununua mfarishi, akavishwa mabegani, wakampiga picha, na mwanangu alikuwa kando yake akitabasamu kwa meno yote.

Nyumbani nilimngoja Njoroge mlangoni. Nilimuuliza ni nani aliyempa ruhusa ya kufungua sanduku langu.

"Mama, nimekuuliza mara ngapi kama umemaliza?" alisema. "Kila siku ni bado, bado. Watu walikuwa wanangoja. Nilifungua nikaona moja imeisha. Sasa ulitaka nifanye aje?"

"Nilitaka uulize."

"Si hii ni nyumba moja? Hizo vitu unashona hapa, na stima ya hapa."

Nilimwambia kwamba mfarishi ule haukuwa wangu wala wake. Aliuliza ni wa nani. Nilisema ni wa mtu. Aliuliza mtu gani. Sikuweza kusema, naye akafikiri nina ukaidi wa uzee. Alinitazama kwa huruma, na huruma ile iliniuma kuliko maneno ya umeme wake.

"Basi niende nimwambie mkubwa arudishe? Wiki hii? Mama, unataka nipunguzwe?"

Akaenda kulala bila kula. Ana watoto wawili na ana hofu, nami naiona hofu hiyo. Lakini hofu yake haimpi ufunguo wa sanduku langu.

Jana jioni Wairimu, ambaye husikiliza vizuri kuliko mumewe, alinijia jikoni akaanza kumenya viazi bila kuombwa.

"Ni ya kasitoma, ama?"

Niliongeza maji kwenye sufuria.

"Si ushone ingine kama hiyo? Vitambaa si vimebaki? Hata hatajua, Mama." Kisha akaniletea salamu. Mke wa yule mkubwa alikuwa amepiga simu ofisini kwa Njoroge kushukuru. Ameutandika mfarishi juu ya kochi lake la sebuleni, na anauliza kama naweza kumshonea mwingine wa kufanana nao kwa kochi la pili.

Nilimfokea Wairimu mpaka mtoto akalia. Nilimwambia kwamba mimi si mtu wa kuwadanganya watu kwa vitambaa. Alishangaa, maskini, akaacha kisu na viazi akatoka.

Sasa nieleze ni kwa nini nilifoka namna ile. Jana hiyo hiyo asubuhi, watoto walipokuwa wakitazama katuni, nilikuwa nimeshakitoa chini ya kabati kifuko nilichowekea masalio ya nguo za Mwende. Nilipanga vipande juu ya kitanda. Vilitosha. Hata vya manjano vilitosha. Nilitia uzi mweusi kwenye sindano, nikakaa, nikajaribu kushona vibaya.

Nilishindwa. Mkono haukukubali. Nilikusudia mshono mrefu, ukatoka mfupi. Nilikusudia upande, ukanyooka wenyewe. Nilifumua, nikashona tena kwa mkono wa kushoto, na bado haukuwa wake. Ulikuwa mshono wa mtu anayemwigiza mwenzake ili amcheke. Yule mama alitoka jasho akishona kile kiraka. Angekitambua chake gizani kwa kidole.

Basi Wairimu hakusema neno baya kuliko nililolitenda. Sijamwomba radhi. Hilo nalo naliandika.

Leo mchana Shiru alirudi kutoka mazoezi ya kwaya ya watoto, akavua viatu mlangoni kwa kelele. Sikumuuliza kitu kwa kuwa nilikuwa nikimwogesha mdogo wake. Alisimama pale mlangoni mwa bafu, mikono kiunoni.

"Shosho, mbona ulisema ni mimi nilishona hiyo kona mbaya? Wananiita Nyayo za Kuku. Na mimi hata sijui kushona!"

Nilimwambia nilikosea.

"Kwa nini sasa?"

Kwa nini sasa. Niliwaandikia watoto wa watu ubaoni kwamba njia ya mwongo ni fupi. Yangu imechukua siku mbili, ikaishia bafuni kwangu.

"Basi uwaambie Jumapili," Shiru alisema. "Uwaambie nani alishona." Akaenda zake kutafuta mkate.

Hilo ndilo tatizo lote, na mtoto amelisema kwa pumzi moja. Nikiwaambia nani alishona, nimeifungua siri ya Mama Mwende mbele ya kanisa lenye watu wanaonunua nguo kibandani kwake. Nisipowaambia, mjukuu wangu ataendelea kubeba mishono isiyo yake.

Nalo lingine linakuja mapema zaidi. Saa kumi leo alipita mwanamke anayeuza viatu jirani na kibanda cha Mama Mwende. Hakuingia, alisimama chini ya mwavuli. "Mama Mwende anasema Ijumaa atafunga mapema aje achukue mzigo wake," alisema. "Amefurahi sana huyo, sijui umemwekea nini." Nilimwambia sawa. Nimesema sawa!

Zimebaki siku tatu tu.

Nimefikiri kwenda mwenyewe kwa mke wa mkubwa, nibishe, niombe mfarishi urudishwe. Ataniuliza sababu, na sababu si yangu kuitoa. Akichukizwa, jina la Njoroge liko mezani pa mumewe pamoja na majina mengine, na nani atalipa karo ya huyu anayeitwa Nyayo za Kuku? Nimefikiri kwenda Dandora kesho kabla Mama Mwende hajafunga safari ya kuja kwa furaha. Nimwambie mfarishi ulipo, nimwambie ulivyochekwa, nimwambie na neno nililojibu. Hilo la mwisho ndilo linalonirudisha kitini kila ninapoinuka. Kupotea kwa mfarishi naweza kumtupia Njoroge. Neno lile halina wa kumtupia.

Nimekasirika na mwanangu kwa kufungua asichokiweka. Nimekasirika na nyumba hii, ambamo kila nilicho nacho ni cha wote ila uchovu wangu. Nimekasirika na yule mzee na kidole chake. Lakini nikiwapanga wote mstari mmoja, nani anasimama mbele kabisa?

Wairimu anaita, ugali uko tayari. Amepika yeye leo, bila kusema neno, na hilo pia ni jibu la aina yake. Nitakwenda nimwombe radhi kabla sijakaa mezani, maana hilo halihitaji kungoja Ijumaa.

Kuhusu hayo mengine, milango ni miwili, wa kwa mkubwa na wa Dandora, na bado sijui nitabisha upi kwanza. Nikishaamua nitaandika humu, nami nitaandika jambo lilivyokuwa, si jinsi ambavyo ningependa lisomwe.